Mapishi ya Idd ya Kizanzibari: mwongozo kamili wa kujifunza darasani mpaka mkono uzoee

Boko boko, mkate wa kumimina, kaimati, tambi na pilau. Hivi vitano ukivijua sawasawa, asubuhi ya Idd hakuna mgeni wa kukutia wasiwasi. Shida ni kwamba havijifunzwi kwa kutazama tu. Video utaangalia mpaka bando liishe na bado hutojua unga wa kaimati unatakiwa uwe mzito kiasi gani ukiushika, au boko boko likianza kuvutika mwiko unakuwaje mkononi, au kitunguu cha pilau kinanukiaje kabla tu hakijaungua. Mambo hayo yako kwenye vidole na pua, ndo maana kila anayeniuliza namwambia atafute darasa la kupika kwa mkono wake, hata la siku moja, na aende akijua anafuata nini. Hapa naeleza yote, kuanzia kutafuta darasa mpaka usiku wa kuamkia Idd.

Kutafuta darasa

Zanzibar madarasa ya mapishi yapo mengi ila mengi yamepangwa kwa ajili ya wageni, unapitishwa soko la Darajani au mashamba ya viungo kule Kizimbani, alafu mnapika pilau na samaki wa nazi, mnakula, mnapiga picha, basi. Ni mazuri kwa mtu ambaye hajawahi kuona iliki mbichi, lakini kama unataka vyakula vya sikukuu waambie mapema kabisa uone kama wanavifundisha, maana boko boko peke yake linakula nusu siku na wengi hawaliweki kwenye ratiba.

Mimi ningeanza na wapishi wa shughuli, wale akina mama wanaoitwa kwenye harusi na hitma, au wale ambao Ramadhani wanauza kaimati na mikate ya kumimina jioni jioni mitaani. Wengi hawana bango wala ukurasa mtandaoni, ila ukimuendea kwa adabu, ukamwita Bi fulani au mama, ukamwambia unataka kujifunza na gharama za vitu na muda wake utalipa, mara nyingi hakatai. Mombasa na Lamu nako ndo hivo hivo, ingawa Mombasa sikukuu bila biriani watu wataona kama kuna kitu kimekosekana, kwa hiyo huko uliza na biriani. Na kama uko Muscat au London, waulize Waswahili wa huko, kuna nyumba nyingi sana mapishi haya yanaendelea kama vile watu hawajahama.

Kabla hujalipa uliza haya. Tutakuwa wangapi? Wakizidi wanane kwenye jiko la nyumbani jua wengine watabaki kutazama. Kila mtu anashika mwenyewe au mwalimu anapika sisi tunaangalia? Hili ndo swali kubwa kuliko yote, ukiambiwa "mtaona kila kitu" ujue hujapata darasa. Tunapikia makaa au gesi? Na mchele na ngano vinarowekwa usiku na nani? Kama hakuna mtu anayeroweka usiku basi boko boko na mkate wa kumimina siku hiyo vitakuwa vya haraka haraka na hutojifunza inavyotakiwa.

Kuhusu wakati, nenda mwezi wa Shaabani. Ramadhani watu wamefunga, chumvi haionjwi kwa raha, na likiingia kumi la mwisho wapishi wazuri wameshashikwa na oda hawana muda wa mwanafunzi. Ukijifunza Shaabani unapata mwezi mzima wa kufanyia mazoezi, kaimati kwa mfano unazipika futari baada ya futari na Idd ikifika mkono umeshakuwa mwepesi.

Vitu vya kwenda navyo

Daftari, kalamu, kanga ya kujifunga kiunoni, chombo cha kubebea chakula, na kikombe kimoja cha kupimia pamoja na mizani ndogo ya jikoni kama unayo. Kikombe ninachokisema humu ni cha mililita 250.

Kikombe ni muhimu kwa sababu wapishi wetu wakubwa hawapimi. Watakwambia tia kiasi, tia mpaka uone imekaa, na hawakufichi kitu, mkono wao ndo kipimo. Kwa hiyo fanya hivi: akichota unga au sukari kwa mkono, muombe aimwage kwanza kwenye kikombe chako, uandike, ndo iingie kwenye sufuria. Ukimuomba vizuri hachukii, na wengine hufurahi kweli kweli kuona kumbe kiganja chao ni robo kikombe kila mara. Akitaja kibaba au pishi muulize ni chombo gani anachotumia yeye, kwa hesabu ya zamani vibaba vinne ndo pishi moja lakini majumbani kila mtu ana kopo lake.

Usirekodi video muda wote. Rekodi sehemu mbili tatu za mkono, yaani kupiga unga, kudondosha kaimati na kupiga boko boko, halafu simu iweke mbali kwa sababu mikono yako ina kazi.

Boko boko

Anzeni nalo asubuhi sana maana ndo linalokaa motoni muda mrefu. Hiki ni chakula cha ngano na nyama, kwa Waarabu kinaitwa harisi, kimetufikia kutoka Oman, na mwaka 2023 UNESCO iliingiza ujuzi wa kupika harisi kwenye orodha yake ya urithi wa dunia usioshikika, kwa jina la Oman, Falme za Kiarabu na Saudi Arabia. Huku kwetu kimekuwa cha Idd na cha harusi.

Kwa watu sita hivi chukua ngano nzima iliyokobolewa vikombe viwili, ioshe, iroweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji, itie kwenye sufuria nzito na nusu kilo ya nyama ya ng'ombe au kuku, thomu (yaani kitunguu saumu) na tangawizi vilivyotwangwa kijiko kimoja kimoja cha chakula, kijiti cha mdalasini, chumvi, na maji yafunike kila kitu na kuzidi kama vidole vinne. Chemsha, engua povu, punguza moto, funika. Kwa moto wa makaa ni saa mbili mpaka tatu, ukiongeza maji ya moto kila yakikauka, ya baridi usitie. Presha kuka inafupisha sana hiyo kazi na sioni ubaya wake, kwa sababu utamu wa boko boko hautoki kwenye kuchemka, unatoka kwenye kupigwa.

Ngano ikishapasuka na nyama imelainika mpaka inaachana yenyewe, toa mifupa yote na mdalasini. Pekua vizuri hasa kama ni kuku, vile vimifupa vidogo vya shingo na mbavu ni hatari kwa watoto. Sasa moto uwe mdogo kabisa, chukua mwiko mkubwa, piga. Unaponda kwenye ukingo wa sufuria, unavuta, unageuza, unaponda tena, na kila mwanafunzi apate zamu yake hapa mpaka mkono uchoke kwa sababu ndo sehemu ambayo hakuna anayeweza kukueleza kwa maneno ikatosha. Mwanzoni ni kama uji wenye vipande, baadae nyuzi za nyama zinapotea ndani ya ngano, mwiko unakuwa mzito, alafu unaanza kusikia ule mlio wa kubanduka. Nyanyua mwiko, likivutika na kurudi taratibu bila kukatika haraka basi limeiva.

Watu wengi siku hizi wanatia blenda. Mimi nasema hapana. Blenda inakata nyuzi za nyama vipande vifupi, na ule mvutano unatokana na nyuzi ndefu zilizoshikana na uwanga wa ngano, kwa hiyo utapata uji laini mtamu lakini boko boko halitokuwa. Kama mkono hauwezi, tafuta vijana wawili wapokezane.

Lipakue kwenye sahani pana, lisawazishe kwa mgongo wa upawa uliopakwa samli, mwagia samli ya moto juu na vitunguu vya kukaanga vilivyokauka vizuri. Kuna nyumba wanakula na sukari pembeni, nyingine na sosi ya ukwaju. Mwalimu wako atakupa ya kwao, ionje kabla hujasema hutaki.

Mkate wa kumimina

Hapa ndo watu wanapolia. Mkate unatoka mgumu, au umekaa chini kama ubao, au juu mweupe chini mweusi, na karibu kila mara chanzo ni kimoja kati ya vitatu: mchele haukusagika, hamira haikupewa nafasi, au moto wa chini ulikuwa mkali.

Mchele vikombe viwili, usiwe wa kunukia sana, uroweke usiku. Uchuje maji yote. Saga kwenye blenda na tui zito kikombe kimoja na robo, hamira ya chenga kijiko kimoja cha chai na iliki nusu kijiko cha chai. Blenda hapa haina makosa, inafanya kazi ya kinu. Saga, zima ipumzike isipate moto, saga tena, alafu chukua tone usugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukisikia chenga, endelea kusaga. Hii hatua usiruke hata mwalimu akisema "imetosha", sugua mwenyewe ujue kutosha kwenyewe kukoje.

Mimina kwenye bakuli kubwa maana unapanda, funika, weka mahali penye joto. Kwa joto la pwani dakika 40 mpaka saa moja utakuta umejaa mapovu. Ndipo utie sukari robo tatu ya kikombe na ute wa yai moja uliopigwa ukatoka povu, changanya taratibu kwa mwiko, acha tena robo saa. Wapo wanaotia sukari tangu mwanzo na mikate yao inapanda, lakini sukari nyingi inachelewesha hamira na inaufanya mchanganyiko kuwa mwepesi, kwa anayeanza njia ya kuitia mwisho ina usalama zaidi. Uzito wake uwe unamiminika kwa utepe mzito, ukiwa kama maji umeharibika, ukiwa wa kuchotwa na kijiko ongeza tui kidogo.

Sasa moto. Sufuria ya chini nzito, ipake mafuta au samli, ipashe, mimina. Utasikia inalia kidogo pembeni, hiyo sauti ndo unayoitaka, ikilia sana moto mkali, punguza. Makaa machache chini. Vitundu vikianza kujitokeza juu na pembeni pameshika, funika kwa mfuniko wa bati au sinia na upange makaa juu yake, mengi kuliko ya chini. Hapo ndo uulize mwalimu akuonyeshe yeye anapanga makaa wapi, maana wajuzi wanayaweka zaidi ukingoni kuliko katikati ili mkate usiungue kitovuni. Ukiwa na oveni, washa moto wa chini nyuzi 180 kwa dakika 25 hivi kisha malizia moto wa juu mpaka ubadilike rangi, usiondoke mbele ya mlango maana rangi inakuja kwa ghafla. Choma kijiti katikati, kikitoka kikavu toa, acha upoe kabla hujakata. Ukikata wa moto unaganda kwenye kisu na ndani unaonekana mbichi hata kama umeiva.

Kuhusu tui, nazi ya kukuna ndo bora, ikamue kwa maji kidogo sana. Walio ughaibuni wanatumia la kopo na linakubali, ila litikise kopo kwanza, na likiwa zito kama siagi lipunguze na maji kidogo.

Kaimati

Unga wa ngano vikombe viwili, hamira kijiko kimoja cha chai, mtindi au maziwa vijiko viwili vya chakula, chumvi chembe, maji ya vuguvugu kikombe kimoja na zaidi kidogo, tia kidogo kidogo. Hazihitaji mwiko. Ingiza mkono, piga ukiuchota unga kutoka chini na kuurusha juu, ili hewa iingie, dakika tano mpaka kumi bila kusimama. Utaona unakuwa laini na unaanza kuvutika, na mapovu yanapasuka pembeni. Funika mpaka uumuke mara mbili.

Kudondosha ndo kazi. Lowesha mkono maji, chota unga kwenye kiganja, funga ngumi, kamua utoke juu kati ya kidole gumba na cha shahada, ukate kwa kidole cha mkono wa pili au kijiko kilicholowa, uingie kwenye mafuta. Za mwanzo zitakuwa na mikia, kila mtu zake zina mikia, endelea kudondosha tu, sufuria ya pili mkono unaanza kuelewa. Mafuta yawe mengi zielee na moto uwe wa wastani. Ukidondosha tone likazama kisha likapanda polepole ni sawa, likipanda papo hapo na kubadilika rangi ni moto mkali, utapata nje nyekundu ndani unga mbichi. Zigeuze geuze muda wote, zitakuwa za mviringo na rangi moja.

Shira: sukari kikombe kimoja na nusu, maji kikombe kimoja, iliki, ukiwa na zafarani tia. Chemsha bila kukoroga sukari ikishayeyuka. Baada ya dakika kumi hivi chota kidogo, ikipoa bana kati ya vidole viwili na kuvitenganisha, ukiona uzi mmoja mwembamba zima. Kaimati zitoke kwenye mafuta, zichuje, zitie kwenye shira wakati bado za moto, zungusha, zitoe. Zikikaa humo zinalainika na ule ukavu wa nje unapotea.

Tambi

Rahisi, nazipitia haraka. Paketi moja ya tambi nyembamba zivunje, zikaange kwenye samli moto mdogo ukigeuza mpaka ziwe za kahawia, zikiwa nyeupe zitakuwa uji. Tia maji ya moto au tui jepesi vikombe viwili hivi, sukari nusu kikombe, iliki, zabibu kavu, funika mpaka maji yakauke, alafu zipalie kidogo makaa juu au moto mdogo kabisa zichambuke. Maji yapungue kuliko yazidi, mengine utaongeza.

Pilau

Kila mtu anadhani anajua pilau, na ndo sababu kwenye darasa watu hawaisikilizi. Isikilize. Kwa kilo moja ya mchele unahitaji nyama kilo moja, vitunguu maji vikubwa vinne, viazi, thomu na tangawizi. Viungo ni bizari ya pilau vijiko viwili vya chakula, iliki kumi, karafuu kumi, pilipili manga kijiko kimoja cha chai, mdalasini vijiti viwili. Nunua vizima, Darajani au Marikiti kama uko Mombasa, vinuse kabla hujalipa, vilivyokaa sana havinukii na kuongeza wingi hakusaidii.

Nyama ichemshwe na thomu, tangawizi na chumvi, supu uitunze, pima ni vikombe vingapi. Basmati iliyorowekwa nusu saa, kwa kilo, inataka supu kama vikombe saba. Mchele wa kawaida wa Mbeya au wa mashambani usiorowekwa unaweza kunywa vikombe tisa mpaka kumi, na kila mchele una tabia yake kwa hiyo mwalimu atakachokupa kinahusu mchele wake, ukirudi nyumbani anza na upungufu.

Rangi ya pilau inatoka kwenye kitunguu. Kaanga kwa moto wa wastani mpaka kahawia iliyokolea, na hapa simama usichat, kwa sababu kutoka kahawia kwenda kuungua ni muda mfupi sana na kitunguu kilichoungua kitaipa sufuria nzima uchungu. Kikifika, mwagia supu kidogo papo hapo, ile "shwaaa" inasimamisha kuungua na kutoa rangi yote. Ndipo viungo, nyama, viazi, supu iliyobaki, onja chumvi ukute imezidi kidogo, tia mchele. Ukikauka geuza mara moja tu kutoka pembeni, funika, punguza makaa chini na palia mengine juu ya mfuniko kwa dakika 20. Kama ni gesi, weka bamba la chuma chini ya sufuria, moto mdogo.

Ukirudi nyumbani

Andika upya daftari lako siku hiyo hiyo, kesho yake nusu umesahau. Pika kitu kimoja kimoja ndani ya wiki, usijaribu vyote vitano pamoja, anza na kile ambacho darasani hukukishika vya kutosha. Kikikushinda mpigie mwalimu, na usimwambie "imeharibika" tu, mwambie ulichokiona: ilipanda ikashuka, au chini iliungua juu mbichi, atakwambia palipoharibika hapo hapo.

Usiku wa kuamkia Idd, mwezi ukishaandama, roweka ngano na mchele wa mkate mara moja, kata vitunguu vyote vya kesho, kaanga vile vya boko boko, na shira ya kaimati ichemshe kabisa usiku huo. Tambi zipike usiku, hazidhuriki. Saa kumi alfajiri boko boko liingie motoni na mkate usagwe, likichemka wewe unasali alfajiri, ukirudi mkate umeumuka. Unga wa kaimati uupige wakati boko boko linalainika. Mkate ukae motoni kabla watu hawajatoka kwenda sala ya Idd, na wakirudi boko boko liwe limepigwa, samli iko juu. Pilau ni ya mchana, nyama yake ichemshwe asubuhi kwenye moto uliobaki. Boko boko likibaki mpaka jioni litakaza, lipashe na maji ya moto kidogo na samli moto mdogo ukiwa unaligeuza, linarudi kama lilivyokuwa, na mkate ufunike kwa kitambaa ukishapoa lakini usiuweke kwenye friji siku hiyo maana unakuwa mgumu.